Taa ya Kuka

Kwa miaka 16 taa ya kuka ilikaa chini ya kitanda cha kukhu, ndani ya gunia la makaa, hapa Gatina. Haikuwa na chemni. Tangi lilivuja. Upande mmoja ulikuwa mweusi, rangi imefura na kubambuka. Halafu mwaka 2024 transfoma ya mtaa ikalipuka, tukakaa usiku tatu bila stima, na usiku wa tatu kukhu akalivuta lile gunia kwa mguu mpaka katikati ya nyumba.

"Wewe mchana hauna kazi," akasema. "Nitengenezee hii. Na uipake rangi, ikae kitu ya watu."

Kuka ni babu na kukhu ni nyanya kwa Kibukusu. Na kazi ninayo, ila ni ya kuandika, na kukhu haihesabu kuwa kazi kwa sababu hajawahi kuniona nikitoka jasho. Nilikuwa nasomea historia chuoni. Mwaka wa tatu karo ikakatikia njiani, nami nikarudi mtaani na daftari zangu. Kilichobaki kutoka chuo ni tabia ya kuuliza kila kitu kimetoka wapi. Kwa hivyo nilipoikalia ile taa na beseni la maji ya sabuni, sikuanza kwa kusugua. Nilianza kwa kutafuta maandishi.

Yalikuwepo. Chini ya kutu, kwenye bati, kulikuwa na mhuri: Feuerhand, na chini yake W. Germany.

Hayo maneno mawili ya mwisho tayari ni tarehe. Ujerumani Magharibi ilizaliwa 1949 na ikaisha 1990, Wajerumani walipoungana tena. Taa ya kuka basi ilitengenezwa katika nchi ambayo haipo tena. Kampuni yenyewe ni ya zamani kuliko hapo. Hermann Nier aliianzisha mwaka 1902 huko Beierfeld, mji mdogo wa Saxony, na Feuerhand maana yake ni mkono wa moto. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Saxony ikawa upande wa Warusi, na kazi ikahamia Hohenlockstedt, kaskazini, upande wa Magharibi. Kwa hivyo hata hii taa ni mtoto wa wakimbizi.

Muundo wake si wa Wajerumani, lakini. Ile mirija miwili inayopanda kando ya chemni na kukutana juu ilibuniwa na Mmarekani, John Irwin, kwenye miaka ya 1860 na 1870, na kampuni ya Dietz ya New York ikaisambaza duniani. Siri yake ni hewa. Hewa safi inaingia juu, inashuka ndani ya mirija, inafika kwenye utambi kutoka chini. Moto unakula hewa iliyopitia mlango mmoja tu, kwa hivyo upepo wa nje hauupati. Ndiyo maana mtu angeweza kuibeba kwenye mvua ya Aprili kutoka Lavington hadi Gatina na isizime. Kuka alifanya hivyo miaka mingi.

Wacha nirudi nyuma kidogo, kwa sababu safari ya kutoka Lavington hadi Gatina ndiyo historia yenyewe.

Nairobi ilipata stima mwaka 1908, miaka 9 tu baada ya reli kufika hapa. Mwaka 1922 kampuni ya Nairobi na ile ya Mombasa ziliungana zikawa East African Power and Lighting, ambayo mwaka 1983 ilibadilishwa jina ikawa Kenya Power and Lighting. Ukisoma tarehe hizo haraka utadhani Wanairobi wamekuwa na mwanga zaidi ya miaka 100. Lakini uliza Nairobi ya nani. Upande huu wa Dagoretti, Kawangware na Gatina zikiwemo, haukuwa Nairobi. Ulikuwa ardhi ya akiba ya Wakikuyu, chini ya Kiambu, na uliingizwa ndani ya mipaka ya jiji mwaka 1963 tu. Hata jina Kawangware lina harufu ya shamba: wazee husema limetoka kwa ngware, yaani kwale, yule ndege wa vichakani. Lavington, hapo ng'ambo, ilianza kama mashamba ya kahawa ya wamisionari Wakatoliki wa St Austin's, baadaye ikawa mtaa wa Wazungu, halafu wa matajiri wa kila rangi. Ukisimama Gatina leo unaona magorofa ya Lavington bila kuinua shingo. Kwa miaka mingi mpaka kati yetu na wao ulikuwa unaonekana vizuri zaidi usiku: upande mmoja balbu, upande mwingine mafuta ya taa.

Kuka alifika kutoka Bungoma mwaka 1968. Akapanga chumba Gatina kwa sababu kodi ilikuwa ndogo na kazi ilikuwa umbali wa kutembea. Kazi yenyewe ilikuwa ya kulinda geti Lavington. Taa aliinunua Biashara Street, kwenye duka la Mhindi, kwa pesa ambazo kukhu husema zilikuwa karibu nusu ya mshahara wake. Hilo nililisikia tangu utotoni na halikunishangaza. Sasa linanishangaza. Nyumba aliyolinda ilikuwa na stima kila chumba, hata kwenye banda la mbwa, lakini mlinzi hakupewa balbu getini. Alijinunulia taa yake mwenyewe, akajinunulia mafuta yake mwenyewe, ili alinde mwanga wa mtu mwingine.

Asubuhi aliizima, akarudi nayo Gatina. Jioni baba yangu na shangazi zangu walisomea hiyo hiyo mpaka saa ya kuka kwenda kazini. Akishatoka nayo, nyumba ilibaki na koroboi.

Kama umezaliwa na sola, koroboi ni ile taa ya mkebe yenye utambi na bila chemni, inayotoa moshi kuliko mwanga. Asubuhi ukipenga kamasi inatoka nyeusi. Kwa Kiswahili tuna msururu mzima wa taa, na kila moja ilikuwa na cheo chake. Kandili, neno lililokuja na Kiarabu na ambalo ukilifuata nyuma linafika hadi Kilatini. Fanusi, Kiarabu pia, na kabla yake Kigiriki. Taa ya chemni, ambayo chemni yake ni neno la Kiingereza lililovuliwa viatu. Karabai, ile ya kupampu, ya harusi na matanga. Na chini kabisa, koroboi. Wakikuyu husema tawa, Wajaluo husema taya. Inaelekea neno taa lilisafiri bara pamoja na bidhaa yenyewe.

Serikali pia ilijua tofauti hiyo ya vyeo. Kwenye hesabu ya watu ya 2009, koroboi na taa ya chemni zilihesabiwa mbali mbali, na ukizijumlisha unakuta karibu nyumba 7 kati ya kila 10 nchini Kenya zilimulikwa kwa mafuta ya taa. Miaka 10 baadaye, kwenye hesabu ya 2019, nusu ya nyumba zilikuwa na stima na karibu 1 kati ya 5 ilikuwa na sola. Mabadiliko makubwa hivyo, ndani ya miaka 10, na hakuna aliyeyaimbia wimbo. Tulitupa tu zile taa.

Basi nikaanza kusugua.

Fundi mmoja alinionya mapema nisipige msasa mkavu kwenye rangi ya zamani. Rangi nyingi za enzi hizo zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Sheria ya Kenya ya kuweka kikomo cha risasi kwenye rangi, sehemu 90 kwa kila milioni, ni ya juzi juzi tu. Kwa hivyo nilisugua kwa maji, nje, watoto wa ploti nikiwafukuza, na maji machafu nikayakusanya kwenye mtungi badala ya kumwaga kwenye mtaro.

Rangi ya juu ilikuwa ya fedha. Hiyo ni ya baba yangu, nilijua. Chini yake ikatokea kijani kibichi nzito. Nikamwita kukhu.

"Hiyo ni rangi ya geti," akasema bila hata kuinama. "Tajiri wake alipaka geti, ikabaki kidogo. Walinzi wote walikuwa na taa za aina moja, wanaibiana. Kuka akapaka yake kijani."

Niliendelea kusugua polepole kwa kitambaa na thina. Kwenye tumbo la taa, ndani ya ile kijani, zikatokea herufi zilizochorwa kwa msumari. S. I. M. B. Herufi ya tano haikuwepo, kwa sababu hapo ndipo upande ulioungua unaanzia.

Kukhu alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa 1992, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya 60. KANU ilikuwa na jogoo. FORD-Kenya ya Jaramogi ilikuwa na simba. DP ya Mwai Kibaki ilikuwa na taa, taa ya chemni kabisa kama hii. Na kuka, Mbukusu wa FORD-Kenya damu damu, kila jioni alilazimika kupita katikati ya Kawangware amebeba alama ya chama kingine. Watu walimpigia makofi. Wengine walimwita Mheshimiwa. Mmoja alimwomba chai. Kuka akachukua msumari, akachora SIMBA kwenye taa, akaendelea na safari zake. Uchaguzi ukafika tarehe 29 Desemba, upinzani ukagawanya kura zake, Moi akashinda. Baadaye baba yangu akaificha ile simba kwa rangi ya fedha kwa sababu alisema siasa imeisha na taa ni ya nyumba.

Siasa haikuwa imeisha. Kuka alikufa 2001, kwa hivyo hakuiona Desemba 2007. Mimi niliiona. Nilikuwa na miaka 9. Matokeo yalitangazwa tarehe 30, na usiku huo mtaa ukageuka. Waliochoma ploti yetu siwajui, na hata leo kwenye nyumba yetu hatutaji kabila la mtu tukisimulia. Kukhu alitoka na nguo ya kulala, mimi mgongoni ingawa nilikuwa mkubwa wa kutembea. Tuliporudi baada ya mapatano ya Februari 2008, mabati yalikuwa yameanguka juu ya vitu. Kukhu aliinua bati moja akapata taa. Chemni ilikuwa imevunjika, na lehemu ya kwenye maungo ya tangi ilikuwa imeyeyuka, kwa sababu lehemu huyeyuka mapema sana kuliko chuma. Upande uliolalia udongo ulikuwa mzima. Upande wa juu ulikuwa umeungua. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa nchini. Ripoti ya tume ina kurasa mamia. Nyumbani kwetu ripoti ilikuwa hii taa, ndani ya gunia.

Sasa unaelewa kwa nini nilikwama. Nikisugua ule upande mweusi na kuupaka rangi, ninafuta 2008. Nikipaka tumbo, ninaizika tena simba. Nilipiga picha, nikaiweka taa mezani wiki mbili nzima, nikawa naizunguka tu.

Wakati huo huo kuna jamaa aliyekuwa anatafuta vitu vya zamani vya kuuzia mikahawa. Aliiona taa mlangoni, akaniambia atanipa shilingi 4,000, sharti moja: nisiipake rangi. Wateja wake walitaka kutu. Walitaka kuweka balbu ndani na kuitundika juu ya meza za watu wanaokunywa kahawa ya shilingi 400. Shilingi 4,000 ni kodi yangu ya mwezi. Sitajifanya kwamba sikufikiria. Kilichonisumbua si kwamba alitaka kuinunua, bali kwamba yeye na mimi tulitaka kitu kimoja. Yeye alitaka uzee ubaki kwa sababu unauzika. Mimi nilitaka ubaki kwa sababu ni ushahidi. Sote wawili tulikuwa tunaomba kukhu aendelee kukaa gizani na taa mbovu.

Nikamweleza kukhu wazo langu. Niache upande mweusi kama ulivyo, nipake huu mwingine tu. Itakuwa kumbukumbu.

Akaniangalia kwa muda.

"Mimi sihitaji taa inikumbushe," akasema. "Nahitaji taa inimulikie. Hiyo historia andika kwa karatasi yako."

Kesho yake nilipanda matatu hadi tauni, nikatembea mpaka Kamukunji. Kama hujawahi kufika, utasikia Kamukunji kabla ya kuiona: nyundo mamia kwa mamia, masanduku ya shule, majiko, karai, mabomba. Wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani walipokuja Kenya na kutoa ripoti yao ya 1972, waliufanya ulimwengu wa wachumi uichukulie kazi ya namna hii kwa uzito, wakaiita sekta isiyo rasmi. Mtafiti Kenneth King aliandika kitabu kizima mwaka 1977 juu ya mafundi wa Kenya, na mafundi wa taa za mkebe wamo. Mwaka 1985 Rais Moi alitembelea hapa, na tangu hapo jina jua kali likaingia hata kwenye karatasi za serikali. Koroboi zilizomulika nchi zilitoka kwa mikono ya namna hii: mkebe wa mafuta, mkasi, lehemu, utambi.

Fundi niliyempata hakuwa mzee. Aligeuza taa mara moja akasema, "Hii imeungua nyumba." Hakuuliza zaidi. Aliniambia nikaoshe tangi kwa maji moto na sabuni, kisha tena, kisha tena, kwa sababu mvuke wa mafuta ukibaki ndani na wewe unaweka moto nje, tangi linakuwa bomu. Halafu akakwangua maungo mpaka yakang'aa, akapaka dawa, akayeyusha lehemu, ikajaza ufa kama maji yanavyojaza mfereji. Dakika 20. Shilingi 300. Chemni ya kioo, ya kutoka China, nikaipata kwenye duka jirani, pamoja na utambi.

Nyumbani nikajaza maji, nikaiweka juu ya gazeti usiku kucha. Gazeti likabaki kavu. Lakini maji si mtihani wa kutosha, kwa sababu mafuta ya taa hupenya mahali maji hayapiti. Nikaweka mafuta kidogo, nikangoja usiku mwingine. Kavu.

Ndipo nikasugua ule upande mweusi. Siki kwanza, kwa kutu, kisha waya ya kusugulia sufuria, kisha msasa laini wa maji. Ilichukua siku mbili. Nilipofika kwenye chuma kitupu nikaona kwamba moto ulikuwa umekula ule mpako wa bati uliokizuia kisishike kutu, na kutu ikachimba vishimo vidogo vidogo. Nikapaka ile rangi ya hudhurungi ambayo watu hupaka mageti kwanza. Nikaacha ikauke siku nzima. Halafu kijani. Kukhu ndiye aliyechagua kijani, na sikuuliza sababu.

Kuna mahali sikupaka: kofia ya juu na kichomeo. Hapo panashika moto sana, na rangi ya kawaida ingenuka na kuungua. Na chini, pale penye mhuri, nilizungushia karatasi ya gundi. Kukhu aliukubali ule mhuri ubaki kwa sababu, alisema, mtu akiiba tutajua ni yetu.

Ile SIMB iko chini ya rangi. Ukipitisha kidole kwenye mwanga mzuri unaigusa, kwa sababu msumari wa kuka ulifika kwenye chuma. Vishimo vya upande wa pili pia unavigusa. Sikuvijaza. Fundi alisema angeweza, mimi nikasema basi.

Nimefikiria sana yale maneno ya kukhu. Chuoni tulifundishwa kulinda chanzo, usikiguse, usikisafishe, kibaki kama ulivyokipata. Ni ushauri mzuri kwa vitu ambavyo wenyewe wamekufa. Lakini mwenye taa hii yuko hai, ana miaka 79, na macho yake hayamtoshi tena usiku. Kumwambia akae na jeraha mezani ili mimi nipate la kusoma ni kumpa kazi ambayo ni yangu. Hiyo ndiyo sababu umesoma ukurasa huu. Tarehe, rangi tatu, herufi nne, usiku wa Desemba: nimeviondoa kwenye bati nikavileta hapa.

Mafuta ya taa siku hizi si ya maskini tena. Mwaka 2018 serikali iliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita, kuzuia watu kuyachanganya na dizeli, na bei yake ikapanda ikakaribia ile ya dizeli. Kwa hivyo taa haiwaki kila siku. Inatundikwa kwenye msumari kando ya mlango, karibu na tokeni za stima zilizobandikwa ukutani, na inangoja.

Juzi stima zikapotea saa mbili usiku. Ploti nzima ikaguna kwa pamoja kama kawaida. Kukhu akapapasa ukuta, akaishika, akainua chemni kwa kile kiwiko cha pembeni kama mtu aliyeifanya jana, akawasha. Nikasimama pale nikingoja aseme kitu.

"Umekata utambi vibaya," akasema. "Ona inavyotoa moshi. Leta mkasi."